Injinia Aliyekosa Msomaji

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza alikujibu, "Andika nilizaliwa Jumatatu," kisha akaendelea na kazi yake. Watu wa Kebirigo walimwita Injinia. Mimi pia nilimwita hivyo mbele za watu, na tukiwa wawili nilimwita tata, kama tunavyowaita wanaume wa rika la baba zetu huku kwetu. Jina lake nalijua, lakini halitaingia hapa. Mtu aliyejitesa hivyo kuficha majina ya wengine, lake nalo nitalificha.

Alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo, na alikuwa na suti moja tu ya kijivu, nzito, aliyorudi nayo kutoka nchi ya baridi alikosomea. Aliivaa kiangazi na masika, na kwa sababu Nyamira mvua haina adabu, aliivaa na gambuti. Suti juu, gambuti chini. Akipita sokoni akina mama wa ndizi walinong'ona, "Injinia amejenga ghorofa kwenye matope," nao walicheka hasa. Yeye aliwainulia kofia kwa heshima zote, nao wakazidi kucheka.

Nyumba yake ilikuwa Sironga, mbali kidogo na barabara, na ukitaka kufika ulipita katikati ya majani yake ya chai. Nasema majani, kumbe ilikuwa miti! Hakuchuma, hakukata, hakupalilia. Kwetu mtu akiacha chai yake ikue mpaka imzidi kimo, watu humsema kuliko angeacha kuoga. Nilimwambia siku moja, "Tata, hii chai inatuaibisha hata sisi wageni wako." Akaniambia, "Wageni gani? Ni wewe peke yako."

Na ni kweli, nilikuwa peke yangu. Wakati mmoja jirani yake alikuja kuazima panga, akaingia sebuleni, akakuta ule ubao mweusi uliochukua ukuta mzima, umejaa mabano na nyota na namba zilizoandikwa kwa chaki. Yule mama aliondoka bila panga, akaenda kusema ameona uchawi. Huku kwetu maneno ya namna hiyo si ya mchezo, watu wamechomewa nyumba kwa madogo kuliko hayo. Toka siku ile majirani walimsalimia wakiwa barabarani. Injinia aliposikia sababu, alipanda kwenye kiti akaandika juu kabisa ya ubao, kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa herufi kubwa, kwamba Bwana ndiye mchungaji wake. Haikusaidia kitu. Sasa walisema ni mchawi anayejificha nyuma ya Biblia.

Mkewe na watoto walikuwa Nairobi. Alipopunguzwa kazini, huko alikokuwa akishughulika na mitambo ya simu, yeye alirudi nyumbani nao wakabaki. "Wamebaki kidogo," alisema kila mara. Nilipohesabu hiyo kidogo nilikuta imefika miaka saba. Bado alipika ugali wa wimbi wa watu wawili. Nilidhani ni kwa ajili yangu mpaka siku niliyochungulia sufuria ya jana yake, ambayo sikwenda, nikakuta nusu haijaguswa.

Jambo lililonichekesha na kuniuma kwa pamoja ni mlango wake. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza kufuli za namba ambazo serikali nzima isingezivunja, na nyumba yake haikuwa na komeo. Alikuwa akifungia kamba ya katani kwenye msumari, basi. Nilimgombeza. Nilimwambia ipo siku wezi watakuja. Akafikiri sana, kisha akasema, "Wakija, angalau watakuwa wamekuja."

Lakini nimetangulia. Nieleze tulivyojuana.

Nilikuwa karani wa rekodi kwenye zahanati ndogo ya misheni karibu na Kebirigo. Mkubwa wetu alikuwa Sista, muuguzi wa kutoka Machakos, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ekegusii kilimshinda, kwa hiyo pale kazini sote tulizungumza Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Rekodi zetu zilikuwa kwenye daftari moja kubwa jekundu, jina la mgonjwa kushoto na ugonjwa wake kulia. Na miaka ile, miaka ya tisini, kulikuwa na ugonjwa ambao ukisikika unao, umekwisha, hata kabla haujakumaliza wenyewe. Mama mmoja alikuja kuchukua dawa zake. Bawabu wetu alikuwa shemeji yake, akapenyeza jicho kwenye daftari. Mama alipofika nyumbani alikuta virago vyake viko nje ya boma vinanyeshewa. Mungu wangu, Sista alilia! Hakula siku mbili. Siku ya tatu aliandikia marafiki zake wa ng'ambo kuwauliza kama kuna njia ya kuandika kitu ambacho bawabu hawezi kukisoma.

Wakamtumia kompyuta kuukuu, kijisanduku cha kusomea kadi, na kadi zenyewe, mia kadhaa, nyeupe, kila moja na kipande kidogo cha rangi ya dhahabu. Sista akamwita Injinia aje azishughulikie, na ndivyo tulivyojuana; yeye ndiye aliyenieleza kilichomo. Chini ya ile dhahabu, alisema, kuna kompyuta ndogo kuliko punje ya wimbi, na ina siri yake. Ukiitia kwenye kijisanduku, kompyuta kubwa inaitupia namba yoyote iliyobuniwa pale pale. Kadi inaichanganya ile namba na siri yake, inarudisha jibu. Kompyuta kubwa nayo inafanya hesabu hiyo hiyo upande wake. Majibu yakilingana, zimejuana, na hapo tu ndipo maneno ya mgonjwa yanafunguka. Yasipolingana, hakuna kitu, hata uipige nyundo. Mgonjwa anatembea na siri yake mfukoni, na akiipoteza, aliyeiokota ameokota plastiki.

"Na kati ya kadi na kompyuta," akasema, "lazima mtu aandike mazungumzo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sasa swali ni nitaandika na lugha gani."

Hili swali lilitula miezi miwili. Mimi nilikuwa nimesoma Pascal kwa miezi sita kwenye chuo kimoja cha juu ya maduka Kisii mjini, nikajiona nimesoma. Pascal ni lugha ya kompyuta iliyotengenezwa wanafunzi waielewe. Inasema anza, inasema mwisho, ukiisoma unafuata kama unavyofuata mtu anayekueleza njia. Injinia alitaka C. C ni lugha ya watu wasiopenda maneno. Mstari mmoja una mabano matatu, nyota mbili, na nukta mkato, na humo ndani kuna kazi ambayo Pascal ingeijazia nusu ukurasa. Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri paka amekanyaga kibodi.

"Tata, tuandike kwa Pascal," nilimwambia, "ili hata mimi nijue kinachoendelea."

"Pascal ni ya kufundishia. Hii ni kazi."

"Na mimi nikitaka kujua?"

"Jifunze C."

"Nani anifundishe?"

Hapo alikohoa, akatazama dirishani. Ukweli ni kwamba alijaribu kunifundisha, na sijaona mwalimu mbaya kama yule toka niumbwe. Alianza katikati. Alieleza jambo la pili akidhani la kwanza nimelimeza, na nilipouliza, alifuta ubao wote kwa mkono wa suti, akaandika upya jambo lile lile kwa haraka zaidi. Baada ya Jumapili tatu sote wawili tulichoka, na hatukulizungumza tena.

Haki yake nimpe, alikuwa na sababu. Kijitabu kilichokuja na kijisanduku kilikuwa na mifano ya C tu. Tena alitaka kupima, si kubishana. Tulikwenda Kisii mjini kwa mwenye duka la redio na vifaa vya umeme, Mhindi mmoja aliyezaliwa pale pale mjini, ambaye sote tulimwita Bhai na ambaye Ekegusii chake kilikipita cha Sista mara kumi. Bhai alikuwa na kompyuta nyuma ya duka. Injinia aliandika ile hesabu ya siri ya kadi mara tatu, kwa Basic, lugha nyingine ya wanafunzi, kwa Pascal na kwa C, akashika saa mkononi. Basic ilichelewa mpaka Bhai akaagiza chai na ikaletwa. Pascal ikachelewa nusu ya hapo. C ilimaliza kabla hajakiondoa kidole chake kwenye kibodi.

Bhai akasema, "Injinia, sekunde chache ni nini? Mgonjwa hana haraka. Chagua ile ambayo huyu dada ataelewa. Hii duka yangu inaenda kwa sababu mimi najua vitu na kijana wangu naye anajua."

Injinia alimtazama kana kwamba amemtusi. "Mgonjwa anasimama kwa dirisha," akasema polepole. "Nyuma yake kuna foleni. Kila sekunde anasimama, watu wanamwangalia. Wanajiuliza kwa nini yake inachukua muda. Mimi nataka atie kadi, atoe kadi, aende."

Kwa hiyo ikawa C.

Aliandika kwa miezi mitano. Kwanza kwa chaki, maana kila alasiri ngurumo zilikata umeme, kisha usiku au asubuhi akaingiza kwenye kompyuta. Alikuwa akiongea na ubao. Nilifika mara nyingi nikamsikia kabla sijafika mlangoni: "Hapana, hapana, wewe ulisema utanirudishia nane!" Nikadhani ana mgeni. Programu ilipoanza kufanya kazi, tulijaribu kadi ya kwanza mbele ya Sista, na Sista alipiga vigelegele ambavyo vilisikika mpaka sokoni. Daftari jekundu alilichoma mwenyewe nyuma ya jiko.

Injinia hakupiga vigelegele. Alisimama akisubiri. Baadaye nilielewa alichokuwa akisubiri: alitaka mtu amuulize amefanyaje. Alitaka mtu aseme, hapa ulipozunguka namba hizi mara kumi na sita, mbona hukupita njia fupi? Tulimshukuru, tulimpa kuku, tulimwombea. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna kati yetu aliyeweza kusoma hata mstari mmoja. Alichukua kuku wake akaenda Sironga.

Kuna mtu mmoja ng'ambo aliyesoma naye, waliyekuwa wakiandikiana barua. Injinia alimtumia kurasa za kazi yake, na jibu lilikuja baada ya miezi mitatu au minne, likiwa na alama za wino mwekundu. Hizo alama alinionyesha kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu. "Ona hapa amenikosoa. Ona, na hapa tena." Mwaka ule barua zilikoma. Aliandika mara mbili zaidi, kisha akaacha kwenda posta. Mimi nilimwambia pengine mtu amehama. Alisema ndiyo, pengine amehama kidogo.

Sasa nisimulie ya Sabato, maana bila hiyo hamtamjua.

Injinia alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likitua, hashiki kalamu, hawashi redio, hata taa aliiwasha mapema. Miezi ya kwanza haikutusumbua kwa sababu wagonjwa wa kadi walikuja siku za kazi. Kisha Sista akaona wachuma chai wanakosa dawa, siku za wiki wako mashambani, akafungua Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alikuja mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri. Nikatia kadi yake. Kioo kikaandika: LEO NI SABATO. RUDI KESHO.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikatoa, nikatia tena. LEO NI SABATO. RUDI KESHO.

"Ala!" Sista akasema, uso wake umekuwa mweusi kwa hasira. "Ala! Huyu mtu amenibatizia kompyuta!"

Nilikimbia mpaka kanisani kwao Sironga. Walikuwa katikati ya lesoni. Nilimwita kwa mkono nikiwa mlangoni, na akina mama wote wakageuka kututazama, mambo mengine hayo. Nje nilimuuliza, "Tata, umefanya nini?"

Hata hakushtuka. "Amri inasema upumzike wewe, na mtumishi wako, na mnyama wako. Ile mashine ni mtumishi wangu."

"Na yule mama aliyetoka kwao alfajiri? Dawa yake ni ya kila siku, akiruka inakataa kufanya kazi!"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakujua kama tumefungua Jumamosi, hakuna aliyemwambia. Tulirudi kwa miguu, mvua ikitunyeshea, yeye mbele na gambuti zake. Tulipofika hakuingia. Alisimama barazani, nje ya dirisha la chumba cha rekodi, akageuza mgongo, akafunga mikono nyuma.

"Keti," akaniambia. "Nitasema, wewe uandike. Mimi siwezi kugusa."

"Na kusema si kazi?" Sista akauliza.

"Sista, wacha nimsaidie mgonjwa yako. Wewe siku yako ni kesho."

Akaanza kusema. Fungua mabano. Nyota. Funga mabano. Nukta mkato. Shuka mistari kumi na minne, futa mstari, sasa andika hivi. Alikuwa na programu nzima kichwani, mstari kwa mstari, akiitazama mvua. Niliandika herufi moja moja, sielewi hata moja. Tulipomaliza ilikubali mara ya kwanza. Mama akapata dawa zake akaenda.

Injinia alikuwa bado amegeuza mgongo. "Umeelewa ulichoandika?" akauliza.

"Hapana, tata."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliitikia kwa kichwa, akashuka barazani, akarudi kanisani akiwa amelowa chepechepe. Mimi nilibaki na uchungu ambao sikujua ni wa nini.

Jumatatu Sista alimwita ofisini, na mimi nikiwepo. "Injinia, mkono mmoja haulei mwana," akasema. "Hii kazi yako ni nzuri, lakini iko kichwani mwako tu. Ukifa je?"

"Nikifa mtanizika."

"Na kadi za watu wangu?"

Sista akamsogelea.

"Andika upya kwa lugha anayoijua huyu msichana. Hata ikichelewa. Akae nayo, aielewe, airekebishe usipokuwepo."

Kiburi si maungwana, nawe ukimjua Injinia ungejua kwamba kiburi chake hakikuwa cha fedha wala cha mavazi. Alisimama. "Sista, mimi nilisoma miaka sita kwa theluji ili niandike vizuri. Sasa uniambie niandike kama mtoto wa nasari? Pascal ni uji. Mtu mwenye meno hapewi uji."

Na mimi, mwenye hiyo lugha ya uji, mwenye Jumapili zangu tatu za kufutiwa ubao, nilichemka. Nikamwambia peupe, mbele ya Sista: "Basi kaa na lugha yako. Uiongee na nani? Na ubao?"

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na bado natamani kuyarudisha kinywani maneno yale. Aliokota kofia yake. Hakukanyaga tena zahanati, na mimi sikukanyaga tena Sironga. Siku chache baadaye nilitaka kwenda, nikasema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ina tabia ya kuzaa nyingine.

Programu iliendelea kufanya kazi mwaka mzima bila yeye. Kisha ile kompyuta kuukuu ikafa, tukaletewa mpya, yenye kasi. Hapo kijisanduku na kompyuta vikaacha kusikilizana. Nadhani mpya ilisema haraka mno, kadi ikawa bado haijajibu, nayo imeshakata tamaa. Ni jambo ambalo Injinia angelirekebisha kabla chai haijapoa. Sista akamtuma mtu Sironga, akaambiwa Injinia ni mgonjwa, kalazwa. Nilifungua kazi yake, nikaitazama ile C siku nzima, mstari kwa mstari, nikalia kwa hasira kama niliyefungiwa nje ya nyumba ambamo mtoto analia. Mwisho wa mwezi Sista alinunua daftari. Safari hii tuliandika namba badala ya majina, na yeye mwenyewe alilala na orodha ya majina chini ya mto. Kadi tuliziweka kwenye kasha.

Mwaka uliofuata niliolewa Kenyenya, nikapata kazi ya kufundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha sokoni. Nilifundisha Pascal. Kila nilipoandika ubaoni nilimkumbuka, nikajilaumu, nikaendelea kuandika. Miaka miwili ikapita hivyo.

Siku moja nilikwenda Kisii mjini kununua utepe wa printa, nikaingia kwa Bhai. Aliniona tu akapiga kaunta. "Dada! Wewe uko wapi? Yule Injinia anakuulizia kila akija. Amekuja hapa kunisumbua na vitabu vya Pascal. Nimemwazima vyote. Vyote! Nikamuuliza vya nini, akasema ni vya mtu."

Sikununua utepe. Nilikwenda Sironga mchana ule ule.

Nilimkuta ameketi mlangoni, amekonda, suti imemzidi. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu tena. Nilimsalimia, "Bwakire, tata," naye akaitikia kana kwamba tulionana jana. Nilianza kumwomba msamaha, nimejiandaa njia nzima, akanikata. "Wacha hiyo. Ulisema kweli. Ingia kwanza."

Mezani kulikuwa na rundo la karatasi za fuliskepu, zimefungwa kwa uzi. Hakuwa na kompyuta, alikuwa ameandika kwa kalamu. Ilikuwa ile programu, yote, toka kadi inapoamka mpaka maneno ya mgonjwa yanapofunguka, na ilikuwa kwa Pascal. Anza, mwisho, anza, mwisho. Kando ya kila sehemu aliandika maelezo kwa Kiswahili chake: hapa tunaita kadi, hapa tunangoja, usiwe na haraka. Yeye, aliyekuwa akisema programu nzuri haihitaji maelezo!

"Tata," nikasema, "zahanati waliacha zile kadi. Ziko kwa kasha."

"Najua. Sista aliniambia."

"Sasa hii ni ya nini?"

"Nilitaka mtu mmoja asome," akasema. "Mara moja tu. Kabla sijaenda."

Nikaketi nikasoma. Sikusoma kwa kumridhisha, nilisoma nilivyowasomea wanafunzi wangu, kidole kwenye mstari. Nilielewa. Mungu wangu, nilikuwa naelewa! Zile namba mara kumi na sita, kuchanganya, kugawa, kubadilishana, yote yalipita mbele yangu wazi, na nilitambua alikuwa fundi wa namna gani, na kwamba kwa miaka ile yote nilikuwa nimekaa chumba kimoja na kazi nzuri hivyo bila kuiona.

Kwenye ukurasa wa nne nilisimama. Nikarudi nyuma. Nikahesabu kwa vidole kuhakikisha.

"Tata, siri ya kadi ina tarakimu ngapi hapa?"

"Nane."

"Hapa umeandika uanze sifuri mpaka nane. Kwa C, nasikia, mnasema ikiwa chini ya nane, inaishia saba. Lakini Pascal ikisema mpaka nane, inafika nane yenyewe. Sifuri mpaka nane ni tisa. Unachukua moja ambayo si ya siri. Kadi itakataa kila mara."

Alivuta karatasi, akaileta karibu na macho. Akahesabu, midomo inacheza. Nilianza kuogopa kwamba nimemvunja moyo, mgonjwa kama yule, nikataka kusema si kitu, ni kalamu tu imeteleza.

"Ni kosa," akasema.

"Ni dogo, tata."

"Ni kosa! Tena kubwa!" Alikuwa anacheka. Sijapata kumwona akicheka hivyo, kifua kizima, machozi yanamtoka na hayapangusi. "Umeniona! Kosa yangu, ukurasa wa nne, na umeiona! Weka alama. Uko na kalamu? Weka alama hapo, kubwa, nione."

Kwenye mkoba nilikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nilizungushia ile nane duara, nikaandika saba pembeni. Aliitazama sana.

"Zimebaki kurasa ngapi?" akauliza.

Nikahesabu. "Thelathini na moja."

"Una haraka?"

Basi la mwisho la kunirudisha lilikuwa linakaribia kuondoka, na Kenyenya nilikuwa na mtoto na mume na wanafunzi. Nikamwambia sina haraka hata kidogo. Nikafungua ukurasa wa tano, naye akasogeza kiti chake mpaka kikagusana na changu, akakaa kungojea kosa jingine.